Bango Juu ya Duka la Dawa

Siku ya kwanza ya chuo, getini palikuwa hapatoshi. Wazazi wenye magari walipiga honi, wanafunzi waliburuta masanduku yenye magurudumu, mlinzi alikuwa ameshakauka sauti kwa kupaza "Pangeni foleni, jamani, pangeni foleni!" Na katikati ya hekaheka hiyo likawa linakuja godoro. Godoro zima, limekunjwa na kufungwa kamba, linatembea kwa miguu miwili ya binadamu iliyovaa viatu vyeusi vilivyopigwa rangi mpaka vikang'aa.

Msicheke. Katika ukoo wa binti yule hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga chuo. Ilipopatikana nafasi ya ufadhili wa masomo, familia ilikaa kikao kujadili mtoto aende na nini. Mjomba wake, ambaye elimu yake yote ya mabweni aliipata kwa kulala gesti, alisema kwa uhakika kabisa kwamba chuo hutoa kitanda tu, godoro kila mtu na lake. Hakuna aliyebisha, maana hakuna aliyejua. Basi mama mtu, ambaye alikuwa akifua nguo za watu kwa mikono yake, akatoa godoro lake mwenyewe, akabaki na mkeka.

Godoro likaja hivyo, na mbebaji haoni mbele, na mbele kulikuwa na ngazi. Juu ya ngazi alikuwa fundi wa mabango, kijana mrefu mwenye overoli iliyojaa madoa ya kila rangi na kofia aliyoigeuza kisogoni. Alikuwa anamalizia neno KARIBUNI ukutani.

"Dada! We dada! Dada wa godoro!"

Alikuwa amechelewa. Ngazi ikayumba, Fundi akaning'inia ukutani kama mjusi, kopo la rangi nyekundu likaja chini na kumwagikia nusu ya godoro.

"Dada yangu, kweli unataka kuniua na hata jina langu hulijui?"

"Samahani, kaka. Samahani sana. Sikukuona."

Fundi akashuka, akalizunguka godoro. "Hili unalipeleka wapi?"

"Bwenini."

"Bwenini kuna magodoro."

"Nani kasema?"

"Mimi. Likizo nzima nilikuwa napaka rangi vile vyumba. Kila kitanda na godoro lake."

Binti akaliweka lake chini. Akatazama masanduku yenye magurudumu yakipita, akatazama ile rangi nyekundu inavyonywewa na kitambaa cha mama yake, midomo ikaanza kumcheza. Fundi akaona. Akapunguza sauti.

"Lakini yale ya kwao yamenunuliwa dukani tu. Hili linaonekana lina mwenyewe."

"Ni la mama yangu."

"Basi tusiliache hapa likakanyagwa," akasema, akalitwika begani, rangi ikimchuruzikia shingoni. Jumamosi yake alilipakia kwenye pikapu ya karakana anakofanya kazi, akalirudisha mpaka kwa mama, likiwa limefuliwa, limekauka, na doa jekundu limebaki hafifu pembeni. Mama akampa kiti na maji ya kunywa, na alipoondoka akamwambia bintiye kwenye simu, "Huyo uliyemwangusha ngazini, usimwangushe tena."

Kuanzia hapo jina la binti likawa Godoro. Wengine walimwita kwa jina lake, lakini hilo la Godoro lilikuwa la Fundi peke yake, na yeye aliliitikia kwa raha kuliko lile la kubatizwa.

Mapenzi yao yaliota kwenye simu. Fundi alikuwa akipiga akiwa juu ya ngazi, upepo unavuma, brashi mdomoni.

"Godoro wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Fundi wangu. Toa hiyo brashi mdomoni, sikusikii."

"Ninaandika tangazo la benki. Nimefika kwenye neno 'tabasamu', nikakukumbuka."

"Muongo mkubwa wewe. Benki gani inaandika tabasamu?"

"Inayotaka kukukopesha."

Kulikuwa na jambo moja dogo ambalo hakuna kati yao aliyelitilia maanani. Godoro hakuwa anaona mbali. Kitu kilicho karibu alikiona vizuri, hata tundu la sindano. Lakini kikishavuka upana wa chumba, dunia yake ilikuwa rangi na vivuli. Wala hakujua kwamba huo ni ugonjwa. Mama yake alikuwa hivyohivyo, na bibi yake kabla yake. Wote walikuwa wakikunja uso wanapotazama njiani, na majirani waliwaita watu wa maringo. Kwao wao, mbali palikuwa mbali tu. Shuleni walikuwa wachache na mwalimu alisoma kwa sauti; Godoro akaandika yote aliyosikia, akafaulu. Kwa hiyo kila Fundi alipomwonyesha kazi yake juu ya ghorofa fulani, "Vipi, umelionaje?", Godoro alikunja uso, akaona wekundu, akaona weupe, akajibu, "Zuri, mpenzi." Aliamini kabisa kwamba hivyo ndivyo watu wanavyotazama mabango.

Chuoni mambo hayakuwa hivyo. Ukumbi ulikuwa mkubwa kama stendi, na mhadhiri alirusha maandishi ukutani kwa mashine, wala hakuyasoma kwa sauti. Godoro alijikalia safu ya nyuma kabisa, akawa anaandika anachosikia na kubahatisha kinachobaki. Tatizo alilijua: maksi zilikuwa zinashuka, na masharti ya ufadhili alikuwa ameyasoma karibu, kwa macho mazuri kabisa. Akianguka mwaka wa kwanza, ufadhili unasimama. Ufadhili ukisimama, hakuna mwingine wa kumlipia, na wadogo zake watatu walioanza kushika vitabu kama dada yao wangejifunza kwamba chuo si cha watu kama wao. Haya yote hakumwambia Fundi. Alimwambia tu kwamba anasoma sana.

Siku moja kabla ya mtihani wa muhula, simu ikalia.

"Fundi wangu. Mbona sauti inakutetemeka, una homa?"

"Homa ya nini. Nisikilize. Kesho asubuhi ukitoka bwenini, ukifika geti la madarasa usiingie kwanza. Geuka, tazama juu ya paa la duka la dawa."

"Kuna nini huko?"

"Tazama tu."

"Umepata kazi mpya?"

"Kazi ya maisha. Usiniulize zaidi, nitaropoka."

Asubuhi Godoro akavaa gauni lake la bluu lenye vifungo vyeupe, lile la mitihani, akatoka. Getini akageuka kama alivyoambiwa. Juu ya duka la dawa akaona ubao mweupe wenye madoadoa mekundu. Pembeni ya ubao palikuwa na kitu cheusi, akakidhania tangi la maji. Akakunja uso kwa nguvu zake zote, akasimama kidogo, kengele ikalia, akakimbilia ndani. Maskini, lile tangi la maji lilikuwa limevaa overoli mpya.

Jioni akapigiwa.

"Ulitazama?"

"Nilitazama."

"Ukaona?"

"Nikaona, mpenzi."

Fundi akavuta pumzi. "Sasa... unasemaje?"

"Kazi nzuri. Ila nyekundu umeizidisha kidogo."

"Nyekundu," Fundi akasema.

"Eeh. Mimi ningeweka bluu."

"Hilo ndilo lako la kusema? Hakuna jingine?"

"Au ulitaka nikudanganye? Jamani, Fundi, mtihani wa leo umeninyonya damu. Tuongee kesho, sawa?"

"Hapana neno," akasema Fundi. "Nimekuelewa."

Kesho yake hakupiga. Godoro akapiga yeye, ikaita mpaka ikachoka. Siku iliyofuata ikawa haipatikani kabisa. Mwanzoni akanuna: mtu gani anasusa kwa sababu ya rangi? Halafu akaogopa. Halafu matokeo yakatoka, na hofu zikawa mbili.

Aliitwa na mama mlezi wa wanafunzi wa ufadhili. Mama huyo alikuwa mnene, mcheshi, koti la kijivu na miwani iliyofungwa mnyororo shingoni, na ofisi yake ya ghorofa ya tatu ilitazamana na geti. Godoro aliingia amejiandaa kufukuzwa.

"Keti, mwanangu. Hebu nieleze huu muujiza. Kazi zote za kuandika bwenini umeng'ara. Mtihani wenye maswali ya kurushwa ukutani, hata sijui niseme nini. Swali linauliza figo, wewe umejibu moyo. Unakaa wapi darasani?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma kabisa, mama."

"Kwa nini?"

"Mbele wanakaa wenyewe."

"Wenyewe ndio kina nani?"

Godoro akatazama viatu vyake. "Wanaolipiwa na wazazi wao. Mimi nimesaidiwa tu."

Mama mlezi akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. "Ile kalenda ukutani kule mwisho, ina picha ya nini?"

Godoro akakunja uso. "Mlima."

"Ni ng'ombe, mwanangu. Tena yuko karibu kutoka kwenye fremu." Akainuka. "Tangu lini huoni?"

"Naona, mama. Naona kama tunavyoona nyumbani wote."

"Na hili la masomo kukushinda, mbona hukuja kuniambia? Kazi yangu ni nini hapa?"

"Niliona aibu. Mama yangu aliniasa, ukipewa shubiri usichukue pima. Mmenilipia ada, mmenipa bweni, mmenipa vitabu. Nirudi tena nidai nini?"

"Ala!" Mama mlezi akapiga meza. "Ufadhili si ada peke yake! Hospitali imo. Mwalimu wa ziada yumo. Nauli ya kwenda kumwona huyo mama yako imo. Vyote vinakaa bila kuguswa kila mwaka kwa sababu ninyi watoto wenye adabu mnaona haya kuuliza. Hiyo si pima, mwanangu. Ni shubiri yako ileile, hujakunjua vidole tu. Kesho unakwenda kwa daktari wa macho, na mtihani utaurudia kwa haki, nitawaandikia mwenyewe."

Godoro akafuta macho kwa kiganja.

"Njoo hapa dirishani kwanza, nijue ukubwa wa balaa lenyewe. Ule ubao juu ya duka la dawa, unaona nini?"

"Kijani."

"Ni tangazo la dawa ya kikohozi. Basi ulikosa uhondo! Siku ile ya mtihani palikuwa na maneno mekundu makubwa, kipofu angeyapapasa: GODORO WANGU, NIKUOE? Ofisi nzima tuliacha kazi tukabanana hapa dirishani tumwone huyo Godoro ni nani. Kijana wa watu amekaa juu ya paa, overoli mpya, amejishika magoti. Hakutokea mtu. Saa sita akachukua brashi, akafuta mwenyewe herufi moja moja. Karani wangu alilia."

Godoro alikuwa ameshika ukingo wa dirisha.

"Mama," akasema. "Godoro ni mimi."

"Ni wewe nani?"

"Ni mimi Godoro. Nilisimama pale getini nikamtazama, nikamkunjia uso. Jioni akaniuliza nasemaje." Akaanza kulia waziwazi. "Nikamwambia nyekundu imezidi."

Mama mlezi akaweka mkono kifuani. Alijitahidi, Mungu anajua alijitahidi, lakini kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akakaa, na alipomaliza kucheka akawa analia yeye pia, akamvuta binti akamkumbatia kwenye lile koti la kijivu.

"Twende kwa daktari leo leo," akasema. "Kesho ni mbali."

Miwani ilipokuwa tayari, Godoro alitoka kliniki akatembea barabara nzima anasoma kwa sauti kama mwendawazimu. "Saluni. Vipuri. Chumba kinapangishwa. Usikojoe hapa." Watu wakampisha njia. Hakusimama mpaka kwenye karakana ya mabango, ambako mwenye karakana, mwanamke mwenye mikono ya kazi na kilemba kilicholegea, alimpokea kwa jicho kali.

"Ndiye wewe Godoro?"

"Ndiye mimi, shikamoo."

"Marahaba, ingawa hujaistahili. Kijana wangu umemfanya nini? Alikuwa hali, halali, anachora herufi zimelala."

"Dada, sikuona. Haki ya Mungu, sikuwa naona. Nina miwani ya leo." Akamweleza yote, tangu tangi la maji hadi ng'ombe wa kalenda.

Mwenye karakana akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akajipiga paja. "Ee Mungu nipe subira na vijana hawa! Mwenzio aliomba kazi ya mbali makusudi. Yuko kwenye kiwanda kipya, anapaka mabango, huko hata mtandao hakuna. Atarudi mwezi ukiisha. Nimpelekee salamu kwa dereva?"

Godoro akafikiri. Alitamani kusema ndiyo. "Hapana, dada. Hili dereva hataliweza. Nitamwambia kwa mdomo wangu."

Mwezi ule alihamia safu ya mbele. Siku ya kwanza aliketi pale akingojea mtu aje amwambie dada, hapa pana mwenyewe. Hakuja mtu. Mhadhiri akarusha maandishi ukutani, nayo yakaja mazima, kila herufi na mkia wake, na Godoro akagundua kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa ameanza kuamini kwamba ni mjinga, na alikuwa hajamwambia yeyote. Jioni alikaa na mwalimu wa ziada, na kila alipotaka kusema "Naomba radhi kwa kukusumbua" alijiuma ulimi, akauliza swali lake.

Matokeo ya marudio yalipobandikwa, aliyasoma akiwa bado mlangoni, nyuma ya vichwa vya watu. Akampigia mama yake.

"Mama, nimefaulu. Ufadhili unaendelea."

"Mungu mkubwa! Wewe, mtoto wewe!" Kisha vigelegele mpaka simu ikakoroma. "Na yule mwenye kurudisha godoro, umeshamwambia?"

"Anarudi leo, mama."

"Sasa unaongea na mimi nini? Kata simu!"

Fundi alikuwa ameshuka garini asubuhi, na mchana alikuwa tayari ngazini, kwenye mzunguko wenye magari mengi kuliko yote mjini, akiandika ukuta wa duka la viatu. Godoro alisimama ng'ambo ya barabara, gauni la njano, miwani puani. Alikusudia kuvuka moja kwa moja. Lakini Fundi akageuka kuchovya brashi, macho yake yakapita juu ya watu, yakarudi, yakatua kwake.

Uso wake wote ukafunguka. Nyusi zikapanda, mdomo ukasahau kufungwa, brashi ikabaki hewani inadondosha rangi. Alionekana kama mtu aliyesikia mama yake akimwita. Ilikuwa kitambo kidogo tu, kisha akakumbuka kwamba amekataliwa, akauzima ule uso, akarudi ukutani.

Godoro alishindwa kuinua mguu. Uso ule hakuwahi kuuona. Siku zote Fundi alipomfikia karibu alikuwa ameshajipanga, kofia sawa, mzaha mdomoni. Kumbe kila mara, kabla ya mzaha, mbali kule, kulikuwa na hili. Kila mara alikuwa akipokewa hivi, na yeye akiukunjia sura.

"Viatu vya ngozi!" akapaza sauti, juu ya honi na injini. "Vya kiume na vya kike! Karibu ndani, kuona ni bure!"

Fundi akageuka taratibu. Akatazama ukuta wake, akamtazama yeye.

"Na hapo kwenye 'bure' rangi inachuruzika!" Godoro akapiga kelele. "Nyekundu! Haijazidi! Iko sawasawa!"

Fundi alishuka ngazini kama vile ngazi inaungua. Alivuka magari bila kutazama, dereva mmoja akamtukana ukoo mzima, akasimama mbele ya Godoro anahema.

"Una nini usoni?"

"Macho," Godoro akasema. "Nimepewa na ufadhili. Fundi, sikuwahi kusoma bango lako hata moja. Hata moja, tangu tulipojuana. Nilikuwa naona rangi tu, nikidhani wote tunaona rangi. Asubuhi ile niliona weupe na wekundu, na wewe nilikuona tangi la maji."

"Tangi la..."

"La maji. Nisamehe. Nilianguka mtihani na sikukwambia, nisamehe na hilo, ila sasa nimefaulu."

Fundi akavua kofia, akaivaa. "Mimi nilijua umeona," akasema. "Nikajiambia, ameshakuwa msomi, ataolewa vipi na mtu aliyeishia shule ya msingi? Amekosa namna ya kunikataa, akasingizia rangi. Nikaona hata kukataa amenikataa kwa upole."

"Mjinga wewe."

"Mjinga mimi."

"Basi niulize tena. Karibu hapa, nisikie vizuri."

Akamsogelea, akamnong'oneza sikioni yale maneno matatu ya kwenye bango. Godoro akafumba macho.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, Fundi wangu. Ila nimalize chuo kwanza. Wadogo zangu wananitazama."

"Maliza. Nitangoja. Kwani nakwenda wapi?"

"Ulikwenda kiwandani."

"Siendi tena hata sokoni." Akacheka, na macho yamejaa maji. "Unataka nini, mpenzi? Sema chochote. Nikuandikie bango jingine, la bluu?"

"Sitaki bango. Vuka urudi kule, halafu ugeuke unitazame kama ndiyo kwanza unaniona."

"Na haya magari yote?"

"Vuka, Fundi."

Akavuka, akinung'unika, mikono imeinuliwa kwa madereva kuomba radhi. Alipofika kwenye ngazi yake akajifuta mikono kwenye overoli, akashusha pumzi. Godoro akasukuma miwani juu ya pua, akangoja. Fundi akageuka.